Ufukwe Namba Saba na Sahihi Yangu

Jumamosi ile nilikuwa nimekaa dawati la nyuma kabisa, magoti yamekaribia kidevu, kwa sababu madawati ya darasa la kwanza hayakutengenezwa kwa ajili ya mama mtu mzima. Kilikuwa kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu Neema, hapa Ilomba, Mbeya. Tulishamaliza habari za vyoo na uji. Ajenda ya mwisho ilikuwa safari ya watoto kwenda baharini mwezi wa kumi na mbili, na Mwalimu Mkuu akamkaribisha mgeni kutoka ofisi ya safari. Mgeni mwenyewe alikuwa Meneja wangu wa zamani.

Hakuniona. Alibandika bango ubaoni, akajifuta jasho, akatabasamu. Kwenye bango kulikuwa na mchanga mweupe mpana, anga la bluu, na kwa mbali mstari mwembamba wa maji. Picha ile niliipiga mimi.

"Ndugu wazazi, ondoeni hofu," akasema. "Najua sisi watu wa milimani tunaogopa maji. Lakini ufukwe huu umekaguliwa na mtaalamu, na ripoti yake ninayo hapa. Nasoma: salama kwa watoto, maji hayapiti goti, mchanga hauna mawe." Akainyanyua ile karatasi ili wote tuione. "Na mkaguzi ameweka sahihi."

Nikasimama. Dawati likanyanyuka nami kidogo, kisha likaanguka kwa kishindo, wote wakageuka.

"Soma jina," nikasema.

"Samahani, mama?"

"Soma jina la mkaguzi. Si umeshika karatasi?"

Hapo ndipo aliponitambua. "Aa, Mama Neema! Habari za siku nyingi?"

"Soma jina, Meneja."

Hakusoma. Basi nikalisoma mimi kutoka kule nyuma bila kuiona karatasi, herufi kwa herufi, maana ni jina nililopewa na marehemu baba yangu. Yaliyofuata siyakumbuki yote. Nakumbuka kwamba nilipiga kelele, nakumbuka nilimtaja Anjela, na nakumbuka Mwalimu Mkuu akisema, "Mama, tuheshimu kikao."

Haya ninawaandikia ninyi wawili, Edina na Bosco, mliorithi meza yangu pale ofisini. Niliacha kazi mwezi wa tatu nikiwa na miaka thelathini na moja. Najua anayestaafu kwa kawaida ana mvi, anafanyiwa sherehe na kupewa saa ya ukutani. Mimi mvi ninazo mbili na saa sikupewa. Lakini miaka tisa ya kuchagua fukwe kwa ajili ya watu wengine inatosha kuitwa maisha ya kazi, na yapo mambo ambayo hakuna mtu pale ofisini atakayewaambia. Meneja hatawaambia. Yeye hajawahi kulowa zaidi ya kisigino.

Niliajiriwa kupokea simu. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza na matokeo ya kawaida, najua kuandika kwa kompyuta na sauti yangu inasikika. Siku ya kwanza, saa mbili na nusu asubuhi, simu ya kwanza ikatoka Iringa. Mama mmoja alikuwa anapanga likizo ya familia. "Dada, huko baharini baridi ikoje? Nibebe masweta mangapi?" Bahari nilikuwa sijaiona. Ziwa Nyasa nililiona mara moja, tulipopelekwa Matema na shule, na nililitazama nikiwa nimeshika mti. Nikamjibu, "Mama, beba mawili." Akashukuru sana. Ndivyo nilivyoanza kuwashauri watu kuhusu bahari.

Huko ofisini fukwe zilikuwa na namba, moja hadi kumi na mbili. Tano za ziwani, saba za baharini. Zilipewa namba kwa sababu Meneja wa mwanzo kabisa hakutaka wateja wajue majina wakaenda wenyewe. Mtu akija, anafunguliwa albamu, anachagua kwa macho: anataka mchanga mweupe, anataka minazi, anataka mahali pa kupigia picha za harusi. Nimekaa pale miaka tisa, na wateja walioniuliza wenyewe kuhusu usalama kabla hawajauliza kuhusu picha nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wawili kati yao walikuwa manesi.

Ukaguzi ulikuwa kazi ya Bi Zuhura. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge pale sokoni, mama wa Kiislamu, mnene, mwenye goti bovu na mdomo usiopumzika. Ukoo wake ulitoka pwani ukaja Mbeya tangu enzi za babu yake, na yeye alikuwa anashuka huko mara kwa mara kufuata mali, ndiyo maana ofisi ikamtumia. Bahari hakuipenda hata kidogo. "Babu zangu wameikimbia hiyo kitu," alikuwa akisema, "ninyi mnaifuata na mabegi."

Mwaka wangu wa kwanza akaomba apewe msaidizi wa kumbebea vitu, nikapewa kazi hiyo mimi.

"Unajua kuogelea?" akaniuliza.

"Sijui, Bi Zuhura."

"Vizuri. Anayejua kuogelea hakagui. Anaoga."

Chombo chake kikuu kilikuwa mwanzi, ule tunaouita mlanzi kule Iringa, mrefu kunizidi mimi. Aliufunga vitambaa vitatu vyekundu. Cha kwanza kilikuwa kwenye goti, cha pili kiunoni, cha tatu kidevuni. Goti la nani? Nilidhani la mtu mzima. Akanicheka. Vipimo vile alivichukua kwa mjukuu wake wa kike, aliyekuwa darasa la pili wakati ule. "Mtu mzima akizama, alikuwa na akili akaamua asiitumie," akasema. "Mtoto amepelekwa." Unaingia nao majini taratibu, unauchomeka kila baada ya hatua tatu, unaangalia kitambaa. Ukiona maji yamevuka kitambaa cha kwanza hadi cha tatu ndani ya hatua chache, hapo chini kuna mteremko, unafuta. Fukwe za ziwani nyingi zinafutika hivyo. Kwa juu zinapendeza kama kitanda cha hoteli, kumbe hatua ya sita hakuna chini.

Kitu cha pili cha Bi Zuhura kilikuwa maswali mawili. Haulizi hoteli, haulizi mlinzi, hamuulizi mwenye mitumbwi. Anatafuta wanawake walioko majini kwa kazi: wanaofua, wanaoosha masufuria, wanaookota chaza. Anawauliza: watoto wenu wanaoga wapi? Halafu: wapi mnawakataza? La pili ndilo lenye kazi. Siku moja ziwani, mlinzi wa nyumba ya wageni alishatuapia kwamba maji ya pale ni salama kama ndoo. Bi Zuhura akamfuata mama aliyekuwa anasugua sufuria kwa mchanga.

"Watoto wetu wanaoga kule kwenye mawe," yule mama akasema. "Huku karibu na mto hapana. Kuna mwenyeji."

"Mwenyeji gani?"

"Wa mkia."

Tukafuta na ule. Mlinzi alitununia mpaka gari likaondoka.

La tatu, na hili ndilo ninaloandikia waraka huu wote: baharini usiandike neno lolote mpaka maji yametoka na yamerudi ukiwa umesimama palepale. Mito yetu huku inateremka, basi, hairudi. Ziwa linapiga mawimbi lakini halihami. Bahari inahama. Inatoka, inakwenda mbali, inaacha mchanga mtupu, halafu inarudi, mara mbili kwa siku, na kila siku saa yake inasogea. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo inatoka mbali zaidi na inarudi kwa nguvu zaidi. Wenyewe wanaita bamvua. Mtu wa pwani anazaliwa akijua hilo. Mtu wa Ilomba akiona mchanga anajua ni nchi kavu, anatandika mkeka. Na Bi Zuhura alinikataza kabisa kupiga picha maji yakiwa yametoka. "Hiyo ni picha ya nyumba ambayo mwenyewe ametoka kwenda dukani," alisema.

Nilijua yote hayo. Andikeni hilo kichwani kwanza, kwamba nilijua.

Neema alipokuwa na miezi mitano, goti la Bi Zuhura likakataa kabisa, na ofisi ilikuwa imesikia habari za ufukwe mmoja mzuri kusini. Nikaenda peke yangu kwa mara ya kwanza. Neema nilimwacha Uyole kwa mama yangu na maziwa ya kopo. Nilifika asubuhi saa tatu na nusu, siku moja baada ya mwezi mpevu, na jamani, sijaona mahali pazuri kama pale. Maji yalikuwa yametoka. Mchanga ulikuwa mweupe, mgumu, unatembeka kwa viatu. Kwa mbele, mwendo wa dakika kumi hivi, kulikuwa na fungu la mchanga lililoinuka kama mgongo, na kati ya fungu na nchi kavu kulikuwa na bonde pana lenye maji ya kifundo cha mguu. Nikachomeka mlanzi kila baada ya hatua tatu mpaka kule na kurudi. Maji hayakugusa hata kitambaa cha kwanza. Nikapiga picha.

Kulikuwa na wanawake wawili wanatafuta pweza. Nikawauliza swali la kwanza. "Wanaoga hapahapa," mmoja akajibu. Nikauliza la pili: na wapi mnawakataza? Aliinua kichwa akaangalia jua, akaniangalia na mimi.

"Subiri uone, dada."

"Nisubiri nini?"

"Maji."

Gari la kunirudisha barabara kuu lilikuwa linaondoka saa sita. Matiti yalikuwa yamejaa, yanauma, blauzi imelowa mpaka nimejifunga khanga kifuani. Nilikuwa namuwaza mwanangu analia na kopo mdomoni. Sikusubiri. Niliandika ripoti garini juu ya paja: salama kwa watoto, maji hayapiti goti, mchanga hauna mawe. Nikaweka sahihi. Ukapewa namba saba, kwa sababu Namba Saba ya zamani ilikuwa imeliwa na mawimbi.

Ofisi ikaupenda. Meneja akachapa ratiba moja kwa makundi yote: saa nne asubuhi kuogelea, saa saba chakula cha mchana juu ya fungu. Saa nne kila siku, mwaka mzima, kana kwamba bahari nayo imeajiriwa. Niliiona ile ratiba, na kuna kitu kilinigusa, nikakipuuza. Miaka mitatu ikapita bila neno. Leo najua sababu. Wateja wetu walikuwa waoga. Walifika, wakakaa chini ya miti na masweta yao, wakala wali, wakapiga picha, wakaondoka. Woga wao ulinificha mimi.

Waliokuwa hawaogopi walikuwa wanakwaya. Kwaya ya kigango kimoja nyuma ya Kalenga, watu wa kulima mahindi na vitunguu, walikuwa wanarekodi video yao ya kwanza na walitaka mchanga mweupe. Walilitazama bango, wakasema hapo. Mimi ndiye niliyewahudumia. Mwalimu wao wa kwaya, Gaudensi, mtu mpole, aliniuliza, "Dada, tukisimama kule mbele kabisa, sare zetu hazitalowa?" Nikamwambia hazitalowa.

Alinisimulia yeye mwenyewe baadaye. Walivuka saa nne na nusu, maji ya kifundo, wameshika viatu mkononi. Wakajipanga juu ya fungu, sauti ya kwanza kushoto, ya nne kulia. Mpiga picha akasimama akiwa ameelekea baharini. "Sisi tulikuwa tunaitazama kamera," Gaudensi akasema, "na kamera ilikuwa inatutazama sisi. Kama kuna hatari tulijua itatoka baharini, na mpiga picha alikuwa na jicho kule. Hakuna aliyeangalia tulikotoka." Walirudia wimbo mara nyingi kwa sababu upepo uliharibu sauti. Walipoondoa macho kwenye kamera, lile bonde lilikuwa mto, na unakwenda. Maji yanaanza kujaa kule nyuma kabla hayajapanda kwenye fungu. Ukiwa juu ya fungu uko mkavu, unaimba.

Wakashikana mikono wakavuka kwa mstari. Sare zao zilikuwa makanzu marefu, mazito yakilowa. Katikati ya mstari alikuwa Anjela wa sauti ya pili, mfupi kuliko wote. Gaudensi anasema alisikia mnyororo wa mikono umekatika, akadhani wameshikana tena. Walipofika nchi kavu wakajihesabu. Wakajihesabu mara tatu.

Nilikwenda Kalenga kwenye msiba. Meneja alituma shada. Mama yake Anjela alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na wanawake wenzake, nikapiga magoti kumpa pole.

"Kamwene, mwanangu," akasema.

"Kamwene, mama."

"Wewe ndiye wa ofisi?"

"Ndiyo, mama."

Akanishika mkono. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniua. "Yule mtu aliyesema pale ni salama," akauliza, "wewe unamjua?"

"Namjua," nikasema.

Akatikisa kichwa, akangoja. Nami nikainuka nikaenda kusaidia kumenya viazi.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Namba Saba kwa safari yangu mwenyewe, nikamwomba Bi Zuhura anisindikize. Alikuja na fimbo. Tukachagua siku ya bamvua. Saa nne maji yalikuwa ya kifundo, kama nilivyoandika. Nikasimama katikati ya bonde na mlanzi, yeye akakaa nchi kavu kwenye kigoda. Saa sita kasoro maji yalikuwa kitambaa cha kwanza. Kabla ya saa sita na nusu yalikuwa cha pili, na mchanga ulikuwa unatoka chini ya miguu yangu kama mtu anavuta zulia. Akanipigia kelele nitoke. Nilipotoka nikageuka, nikaona mlanzi niliouacha umechomekwa umeinama. Kitambaa cha tatu kikazama, kisha mlanzi wote ukang'oka ukaenda. Uliokotwa jioni na wale wanawake wa pweza.

Tukapanda gari kurudi. Tulipokaribia Uyole, Bi Zuhura akaniuliza.

"Nilikufundisha nini?"

"Kungoja maji."

"Na wewe ulingoja nini?"

"Gari."

Niliandika ripoti mpya, kurasa tatu. Hakuna mtu kuvuka kwenda kwenye fungu, siku yoyote, saa yoyote. Kuoga kuwe ukingoni tu, na saa ipangwe kila siku kwa kufuata kijitabu cha saa za maji kupwa na kujaa. Ratiba ya saa nne ifutwe. Meneja aliisoma akiwa amesimama. "Kazi nzuri, Mama Neema," akasema. "Tutaiweka kwenye faili." Bango likashushwa, Namba Saba ikatolewa kwenye albamu, nikaamini yamekwisha. Bi Zuhura alifariki mwaka uliofuata, kitandani kwake, mbali na maji kama alivyotaka. Mlanzi nikabaki nao mimi.

Mwaka huu mwezi wa tatu nikaikuta Namba Saba imerudi kwenye albamu. Nikafungua faili. Ripoti yangu ya kurasa tatu haikuwemo. Ilikuwemo ile ya mwanzo, ya kwenye paja, imetolewa nakala safi. Nikaingia kwa Meneja bila kubisha hodi.

"Ajali ni ajali," akasema. "Wale walivaa makanzu. Na watu wanapaulizia sana, dada yangu."

"Mimi sisaini."

"Basi usisaini," akasema, na wala hakukasirika. "Sahihi yako tunayo."

Nikachukua mlanzi wangu nikaondoka. Kwa miezi yote hiyo nimekuwa nikiuza mbegu za viazi Uyole huku nikijiona mtu mwenye msimamo. Niliacha kazi, nikanuna, nikadhani nimefanya kitu. Sahihi ilibaki kule inafanya kazi bila mimi.

Ndiyo maana pale kikaoni kelele zangu hazikunisaidia. Baba mmoja, Baba Doreen, fundi seremala, mtu wa heshima zake, alinyoosha mkono akaniuliza swali la haki kabisa.

"Mama Neema, samahani. Karatasi inasema salama na jina ni lako. Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

"Wakati ule sikudanganya," nikasema. "Sikungoja."

Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Kagombana na bosi wake huyu, asituharibie." Mama mmoja jirani yangu akanivuta khanga, "Keti, shoga, watoto wamefurahi, usiwavunje moyo." Meneja akakunja ile karatasi akaiweka mfukoni taratibu. Mwalimu Mkuu akafunga mjadala: kama nina malalamiko, niyaandike.

Nyumbani Neema alikuwa ameshapata habari, sijui kwa nani. Alikuwa analia mlangoni. "Mama, wenzangu wote wanakwenda! Mimi nitabaki na nani? Kwa nini umepiga kelele shuleni kwangu?"  Nilichukua mlanzi nyuma ya mlango, nikamsimamisha ukutani, nikauweka kando yake. Yuko darasa la pili. Kitambaa cha tatu kilimgusa kidevuni sawasawa, kama vile alipimiwa yeye. Akadhani ni mchezo, akaacha kulia. Kisha nikafungua kijitabu cha saa za maji nikatafuta tarehe za safari. Bamvua. Saa nne bahari itakuwa imetoka. Saa saba, chakula.

Jumatatu asubuhi nilikuwa ofisi ya Afisa Elimu wa Kata. Karani, kijana mwenye miwani, akafungua daftari la kupokelea barua.

"Mlalamikiwa ni nani, mama?"

"Wako wawili. Wa kwanza ni mimi."

Akaweka kalamu chini. "Mtu hajilalamikii mwenyewe."

"Wewe andika tu, mdogo wangu."

Akaandika, akagonga muhuri. Hii ndiyo barua, neno kwa neno. Edina, Bosco, ifungeni kwenye faili la Namba Saba, na safari hii msiitoe.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA RIPOTI YA UKAGUZI WA UFUKWE NAMBA SABA NA SAFARI YA WANAFUNZI

Ndugu Afisa Elimu,

Mlalamikiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe, niliyekuwa mkaguzi. Niliandika kuwa ufukwe huo ni salama kwa watoto baada ya kuuona maji yakiwa yametoka. Sikukaa kuyaona yakirudi. Mama mmoja wa palepale aliniambia nisubiri, nikakataa, kwa sababu nilikuwa nawahi gari nirudi kwa mtoto wangu mchanga. Ripoti hiyo ni ya uongo na sahihi iliyo chini yake ninaiondoa.

Mlalamikiwa wa pili ni Meneja wa ofisi ya safari. Marehemu Anjela alizama mahali hapo akitumia ratiba iliyotokana na ripoti yangu. Baada ya msiba nilimkabidhi Meneja ripoti ya pili inayokataza watu kuvuka kwenda kwenye fungu la mchanga. Ameiondoa, anatumia ya kwanza, na ameisoma mbele ya wazazi akijua.

Watoto wamepangiwa kula chakula cha mchana juu ya fungu hilo saa saba, siku ambayo maji yatakuwa yamejaa nyuma yao tangu saa sita na nusu, kupita kidevu cha mtoto wa darasa la pili. Nimeambatanisha ukurasa wa kijitabu cha saa za maji, na kipimo cha mwanangu.

Naomba safari ya Namba Saba izuiwe. Asiende Neema, na asiende mtoto mwingine yeyote, mpaka mtu amesimama pale tangu maji yanatoka hadi yanarudi. Mimi sikusimama.

Niko tayari kuitwa na kuhojiwa na yeyote, siku yoyote.

Mama Neema, mzazi, darasa la pili.

Nakala:
Mwalimu Mkuu.
Meneja, ofisi ya safari.
Mwalimu Gaudensi, kwa niaba ya kwaya.
Mama mzazi wa marehemu Anjela, Kalenga, aliyeniuliza kama namjua mtu aliyesema pale ni salama.